Siku moja London na washkaji: mzunguke katikati au mshuke Greenwich?

Kila ikikaribia Juni au Desemba swali ni lile lile, mmoja anasoma Coventry, mwingine anatokea Hamburg kuja wikiendi, mwingine katua Heathrow kutoka Dar kwa ajili ya harusi ya ndugu yake, wamepatana wakutane London siku moja, watu watano sita hivi, sasa waende wapi. Na jibu wanalopewa ni lile la kila mtu, Big Ben, Buckingham, Tower Bridge, mchezo umeisha. Mimi naishi huku na wageni wangu nimeshawazungusha sana pande zote mbili ninazotaka kuzilinganisha hapa: katikati ya jiji, yani Westminster mkishuka na mto Thames mpaka Tower Bridge, na Greenwich, kule mashariki mto unapojikunja.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua niko upande gani. Kama ni kundi la marafiki ambao hawajaonana siku nyingi, Greenwich inashinda. Kama ndani ya kundi kuna mtu hajawahi kuiona London na hajui viza nyingine ataipata lini, nendeni katikati na msimbanie, kwa sababu nyumbani watamuuliza Big Ben, hawatamuuliza Greenwich.

Njia ya katikati ikoje

Mnatoka stesheni ya Westminster, mnapandisha ngazi, mnara uko juu ya vichwa vyenu hapo hapo. Ule mnara wenyewe unaitwa Elizabeth Tower, waliupa jina la malkia 2012, una mita 96, na Big Ben ni kengele kubwa iliyoko ndani, saa yake inafanya kazi tangu 1859. Ulifungiwa majukwaa ya mafundi kuanzia 2017 mpaka 2022, sasa hivi umesafishwa na mishale na namba za saa zimerudishiwa rangi ya bluu ya zamani, mkipiga picha asubuhi jua likiwa linaupiga inatoka safi sana. Mkivuka barabara mko Parliament Square, sanamu ya Mandela iko pale tangu 2007, ya Gandhi tangu 2015, hamlipii kitu na watu wengi wanapita bila hata kugeuka.

Kutoka hapo wengi wanakata kulia kupitia bustani ya St James's kwenda Buckingham kuangalia askari wenye kofia za manyoya wakibadilishana zamu. Kwa kawaida ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili saa tano asubuhi, na mvua ikiwa kubwa wanafuta. Kwa kundi mimi siipendi hii, manake ili uone kitu inabidi uwahi sana, mnasimama muda mrefu nyuma ya vichwa vya watu, alafu mkija kuondoka wote mnaondoka na umati mmoja na hapo ndio watu wanapotezana. Ila kama ni Mkenya na umefika mpaka pale, tembea kidogo upande wa Green Park, kuna jumba linaitwa Lancaster House, ndimo ilimofanyika mikutano ya katiba ya uhuru wa Kenya, 1960, 1962 na 1963. Ndani huingii, unaliona tu kwa nje, lakini mimi naona ni bora kuliko askari wa kofia.

Baada ya hapo mnarudi daraja la Westminster, mnavuka, na mnaanza kutembea kando ya mto upande wa kusini. Hii ndio sehemu nzuri ya njia ya katikati na hailipiwi. London Eye, lile gurudumu la mita 135, mnapita chini yake. Mbele kidogo Royal Festival Hall, ingieni mkajisaidie, vyoo ni bure na visafi. Mnaendelea mpaka Tate Modern, ilikuwa kiwanda cha kufua umeme, 2000 wakaigeuza kuwa makumbusho ya sanaa, kuingia bure. Mbele yake kuna daraja la waenda kwa miguu, Millennium Bridge, lilifunguliwa Juni 2000, siku 2 tu wakalifunga kwa sababu watu wakitembea linayumba, mpaka 2002 ndio likafunguliwa tena. Simameni katikati yake, huku Tate huku kuba la kanisa la St Paul's, hiyo ni moja ya picha bora London nzima na hamjatoa hata senti. Alafu Globe, jengo la tamthilia lililojengwa upya kufuata lile la enzi za Shakespeare, Borough Market kwa ajili ya kula, na mwisho Tower Bridge la 1894, ambalo wengi wanaliita London Bridge, London Bridge ni lile jingine la kawaida kabisa mtakalokuwa mmeshalipita. Tower Bridge bado linainuka kupisha meli, ratiba yake iko kwenye tovuti yao, ukipanga mkafika wakati linainuka kundi zima litakushukuru.

Kwa miguu kutoka Westminster mpaka Tower Bridge ni kama kilomita 4 na kitu. Inasikika ndogo. Ongeza Buckingham kwenda na kurudi, ongeza kusimama, ongeza ngazi za stesheni, jioni viatu vinasema vyenyewe.

Greenwich ikoje

Hapa njia ya kufikia ni nusu ya raha. Msishuke kwa treni, pandeni boti pale Westminster au pale London Eye. Ukiwa umezoea pantoni ya Kigamboni au feri ya Likoni, hii ni kitu kingine, imekaa kama basi la masafa, viti vimepangwa ndani, kuna sehemu ya kununua kahawa, na nyuma kuna nafasi ya wazi ya kusimama upepo ukiwapiga. Mnakaa kama dakika 45 hivi na ndani ya muda huo mnapita London Eye, Tate Modern, Globe, St Paul's ikiwa kushoto, mnapita chini ya Tower Bridge lenyewe. Yani karibu ile njia yote ya katikati niliyoieleza hapo juu mnaiona mkiwa mmekaa mnapiga stori. Mjini boti inatembea polepole, lakini ikishapita Wapping nahodha anafungulia, maji yanaruka nyuma, watu wote wanaamka wanatoa simu. Alafu minara ya Canary Wharf, alafu mto unajikunja, na mbele yenu yanatokea majengo mawili meupe yenye makuba pacha. Hapo mmefika.

Mkishuka, kitu cha kwanza ni meli Cutty Sark imekaa juu ya nchi kavu. Ilijengwa Scotland 1869 kwenda kubeba chai China, meli ya matanga yenye mbio, na mwaka huo huo mfereji wa Suez ukafunguliwa, meli za moshi zikapata njia ya mkato na biashara ya chai kwa matanga ikaanza kufa, ikabidi baadaye ihamie kubeba sufu kutoka Australia. Iliungua 2007, wakaitengeneza, 2012 ikafunguliwa tena, na wameinyanyua ili wageni watembee chini ya tumbo lake. Kuingia ni pesa, ila kwa nje unaiona vizuri tu. Mtu wa Pwani, wa Lamu au Unguja, aliyekulia kwenye majahazi, mimi ningemshauri alipie aingie.

Mnapita yale majengo ya makuba, zamani chuo cha wanamaji, viwanja vyake bure. Mnavuka barabara mnaingia National Maritime Museum, bure. Pale ndani wameweka koti alilovaa Nelson, admirali wa wanamaji wa Uingereza, siku aliyouawa kwenye vita vya Trafalgar 1805, tundu la risasi liko begani linaonekana kwa macho, ni dogo kuliko unavyotegemea. Alafu mnapanda kilima.

Kile kilima ndicho kinachofanya nikaipenda Greenwich kwa ajili ya makundi. Kinawapandisha mnahema, mkifika juu kuna sanamu ya jenerali Wolfe, na ukizunguka nyuma ya lile jiwe alilosimamia utaona limechunwa na kutobolewa na vipande vya bomu la vita vya pili. Mbele yake mto, minara ya Canary Wharf, chini yale majengo meupe, na kushoto kwa mbali mjini kote. Watu wanakaa kwenye majani. Hakuna anayewaambia ondokeni.

Pembeni ya hapo ndio Royal Observatory, iliyoanzishwa 1675, na mstari wa longitudo sifuri ambao mataifa yaliukubali 1884. Ua lenye mstari wa chuma liko ndani, ni la kulipia. Ila kwenye ukuta wa geti kwa nje kuna saa ya zamani, imewekwa 1852, ina uso wa saa 24, sifuri iko juu na saa sita mchana iko chini, na inaonyesha saa ya Greenwich mwaka mzima, kiangazi Waingereza wakisogeza saa zao yenyewe haigusi. Ongeza 3 unapata saa ya Dar na Nairobi, siku yoyote ya mwaka. Simameni hapo mpige simu nyumbani. Na juu ya paa la lile jengo kuna mpira mwekundu, upo tangu 1833, kila siku saa saba kasoro dakika 5 unapanda mpaka nusu ya mlingoti, unafika juu saa saba kasoro 2, na saa saba kamili mchana unadondoka, zamani manahodha waliokuwa mtoni wanarekebishia saa zao kabla ya kwenda baharini. Upepo ukiwa mkali hawaupandishi. Mkiufuatilia muwe mmeshaelekeza kamera mapema, unashuka haraka.

Kitu kimoja cha kuwaonyesha wenzako, mtu akisimama juu ya ule mstari akafungua GPS ya simu, haisomi sifuri. Setelaiti zinahesabu kivingine, na sifuri ya simu iko kama mita 100 upande wa mashariki, ndani ya bustani, hamna alama yoyote. Nimeona watu wanabishana hapo mpaka raha.

Pesa, na hapa ndio wengi wanaumia

Usafiri kwanza. Treni na mabasi unagusa kadi ya benki au simu, na siku ikiisha kuna kikomo, kwa kanda za nauli 1 na 2 kinacheza karibu paundi 9, ukifika hapo hukatwi tena. Greenwich nayo iko ndani ya kanda hizo. Mambo mawili kundi linayasahau: kila mtu na kadi yake, watu wawili hawawezi kugusa kadi moja, na ukianza siku na simu malizia na simu, manake kadi na simu hata zikiwa za akaunti moja mfumo unazihesabu watu tofauti na kikomo hukifikii. Mabasi hayapokei keshi tangu 2014. Ukigusa basi moja, mabasi mengine utakayopanda ndani ya saa 1 hulipi. Boti iko nje ya kikomo hicho, inalipiwa peke yake, njia moja kutoka mjini mpaka Greenwich iweke karibu paundi 10 kwa kichwa.

Sasa viingilio. Katikati ndio panapokula. Tower of London, ile ngome ya zamani jirani na Tower Bridge, ni kama paundi 35, hiyo ni zaidi ya laki moja za Kitanzania kwa mtu mmoja, kwa Mkenya ni zaidi ya elfu tano. Kanisa la Westminster Abbey karibu 30. London Eye inaanzia kama 30 ukinunua mapema mtandaoni, getini ni zaidi. Kundi la watu watano wakiingia Tower na Eye tu wameshatoa zaidi ya paundi 300, na bado hawajala. Greenwich viingilio vya pesa ni Observatory, Cutty Sark na ule ukumbi wa michoro wa Painted Hall, na hakuna kinachofika bei ya Tower. Na tofauti kubwa ni hii, Greenwich mkiamua msilipie chochote bado siku imekamilika, meli mmeiona, kilima mmepanda, makumbusho mmeingia. Katikati usipolipia kitu nayo inawezekana, lakini kila baada ya hatua mia kuna mlango wa pesa na kila mlango unazua kikao, huyu anataka kuingia, yule kashaingia mwaka jana, mwingine bajeti imekata na anaona haya kusema. Nimeona urafiki unaingia baridi pale chini ya London Eye kwa sababu hiyo.

Kama mtaenda katikati na mnataka kuona jiji kutoka juu bila kulipa, kuna Sky Garden na Horizon 22, bure zote, ila unabuku mtandaoni mapema na nafasi za watu sita kwa pamoja zinaisha fasta. Afadhali mgawanyike kwenye buking mbili za muda ule ule.

Kundi kama kundi

Hili kwangu ndio kubwa kuliko yote hapo juu. Mtu mmoja au wawili London ya katikati inawabeba vizuri. Kuanzia watano inaanza kuwatawanya. Mnavuka taa nusu wamevuka nusu wamebaki, kwenye Tube, treni za chini ya ardhi, milango inafunga wawili wako nje, njia ya kando ya mto Jumamosi imejaa mpaka mnatembea kwa mstari mmoja mmoja, kwa hiyo unaongea na mgongo wa mtu. Saa zima linaisha kwenye grupu la WhatsApp, "mko wapi", "tuko kwenye gurudumu", "upande upi". Mkiamua kwenda hivyo hivyo, wekeni sehemu tatu za kukutana tangu asubuhi, kwa mfano sanamu ya Mandela, mlango wa Tate Modern, na ngazi za Tower Bridge, na saa zake, ili mtu akipotea asitafutwe, aende tu kituo kinachofuata.

Greenwich vitu vyote viko ndani ya mwendo wa dakika 15, na kile kilima ni sebule ya bure. Mmoja anataka makumbusho aende, mwingine kachoka akae kwenye majani, mwenye mtoto amwachie akimbie, baada ya saa moja mnaonana. Kama mmetoka miji tofauti kuja kuonana, hicho ndicho mlichokuja kukifanya.

Msosi

Katikati kuna Borough Market, chini ya madaraja ya reli karibu na London Bridge, chakula ni kizuri kweli lakini Jumamosi mchana mnakula mmesimama mmebanwa, na Jumatatu imefungwa. Mkitaka kukaa mezani watu sita bila kubuku, jiandaeni kuzungushwa, mgahawa mmoja maeneo ya Leicester Square ulitukalisha mlangoni na wageni wangu karibu saa nzima alafu wakatuambia meza ya watu wengi hamna. Na bili ikija angalieni chini, mara nyingi wameshaongeza asilimia 12.5 ya huduma, hiyo kwa kawaida ni hiari, huduma ikiwa mbovu mnaruhusiwa kuomba iondolewe.

Greenwich kuna soko lao la ndani, lina paa, liko wazi kila siku, vibanda vya chakula vya nchi mbalimbali, mnanunua kila mtu chake mnakwenda kulia nje au mnapanda nacho kilimani. Wa halali ulizeni kibanda kwa kibanda, vingine vimeandika. Bei si ya kijijini, lakini hamna huduma ya asilimia juu yake. Wengine wanabeba chakula kutoka nyumbani, pilau kwenye hotipoti na chapati, na pale bustanini hakuna mtu atakayewashangaa, nusu ya watu wa London Jumapili wanafanya hivyo hivyo.

Historia inayotuhusu

Hapa katikati inapata pointi na sitaki kuinyima. Ukilipia Westminster Abbey, tembea ndani ya ukumbi mkubwa uangalie chini, katikati kuna jiwe jeusi la kaburi la David Livingstone. Maandishi yanaanza kwa kusema aliletwa na mikono ya waaminifu, juu ya nchi kavu na bahari. Ile mikono ni ya watu wa msafara wake, akina Susi na Chuma na wenzao, alipofia Chitambo, Zambia ya leo, 1873, walizika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu miezi na miezi mpaka Bagamoyo. Jacob Wainwright ndiye aliyesafiri nao kwenye meli mpaka huku, na Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza humo ndani. Majina yao hayako kwenye lile jiwe. Kwa hiyo ukiwa na wenzako hapo wasimulie wewe, taratibu, watalii wengine wote wanapita wanakanyaga wanaenda kutafuta makaburi ya wafalme. Mtu aliyefika Bagamoyo akauona ule mnara wa kanisa ulioulaza mwili usiku kabla ya kuvushwa Zanzibar, akija kusimama hapa anaelewa safari nzima. Kwa hilo peke yake paundi 30 naona zimekaa sawa.

Jumapili Abbey haipokei watalii, ni ibada tu, na ibada haina kiingilio. Ibada ya jioni ya kwaya siku nyingi za wiki nayo ni bure, kwa kawaida saa kumi na moja jioni, lakini mnakwenda kusali, hamruhusiwi kuzunguka zunguka. Kwa Waislamu, njia ya katikati inaishia karibu na Whitechapel, ambako kuna East London Mosque, msikiti mkubwa, kwa hiyo Ijumaa mnaweza kuipanga safari kinyume, mkaanza Tower Bridge, mkaswali, alafu mkapandisha kwenda Westminster.

Na wapenzi wa riadha nyie mna sababu ya kwenda kote. London Marathon inaanzia huko huko Greenwich na Blackheath, inaizunguka Cutty Sark, inavuka Tower Bridge karibu nusu ya njia, inaishia The Mall jirani na Buckingham. Kipchoge kaishinda mara 4, 2015, 2016, 2018 na 2019. Na Watanzania msipite Tower Bridge kimya kimya, marathoni ya mashindano ya dunia 2017 ilianzia na kuishia hapo, Geoffrey Kirui wa Kenya akachukua dhahabu, Alphonce Simbu akachukua shaba, miaka 8 kabla hajaenda kuchukua dhahabu yake Tokyo.

Msimu, mvua na simu yako

Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Kwa hiyo Greenwich ya baridi inabidi muwe kilimani saa sita hivi, mkichelewa mnaangalia taa tu, na upepo wa kule juu hauna huruma. Katikati wakati wa baridi ina nafuu, giza likiingia taa zinawaka, mto unapendeza, na kila mkichoka kuna makumbusho ya bure ya kujipasha moto, Tate, au National Gallery pale Trafalgar Square. Juni hali inageuka kabisa, mwanga upo mpaka saa tatu usiku, katikati kunafurika, na Greenwich inakuwa tamu mno.

Usalama: katikati shikeni simu kwa akili, kuna vijana wa baiskeli za umeme wanapora simu mkononi wakipita kando ya barabara, sana sana mtu akiwa amesimama ukingoni anasoma ramani. Rudini ukutani ndio mfungue ramani. Kwenye daraja la Westminster mtakuta watu wanacheza vikombe vitatu na kipira, ni karata tatu ile ile ya kwetu, na wanaoshinda pale mbele yako ni wenzao. Baiskeli za matairi matatu zenye muziki na manyoya, msipande bila kukubaliana bei kwanza, kwa safari nzima, sio kwa dakika. Greenwich mambo haya ni machache, lakini begi ni begi, lifunge.

Mkitaka kuchanganya

Inawezekana, ila kwa masharti. Kuweni Westminster saa tatu asubuhi kabla umati haujajaa, Big Ben, Mandela, picha za daraja, na kama mmeamua Abbey iwe ndio kiingilio chenu pekee cha siku. Saa sita pandeni boti. Mpira wa saa saba hamtauwahi, usikimbize watu kwa ajili yake. Kuleni sokoni, pandeni kilima alasiri, na kabla ya kuondoka piteni ile njia ya chini ya mto, Greenwich Foot Tunnel, mlango wake ni kijumba cha duara chenye kuba la kioo jirani na Cutty Sark. Ilifunguliwa 1902, ina urefu wa mita 370, vigae vyeupe, baridi, sauti zinarudi, na mkikaribia upande wa pili inabana ghafla kwa sababu bomu la vita liliiharibu wakaishikilia kwa chuma. Bure, usiku na mchana. Lifti zikigoma kuna ngazi za kuzunguka kama 100, mwenye magoti mabovu ajue mapema. Mkitokea ng'ambo mko Island Gardens, geukeni nyuma, Greenwich yote iko mbele yenu na maji katikati, hiyo picha kutoka upande wa Greenwich wenyewe hamuipati.

Hapo Island Gardens kuna stesheni ya DLR, treni nyepesi, ya kurudi mjini. Treni hiyo haina chumba cha dereva mbele, kwa hiyo anayewahi behewa la kwanza anakaa kwenye kioo anaangalia reli. Wikiendi DLR na Tube huwa zinafungwa vipande vipande kwa matengenezo, na makumbusho nayo hufunga baadhi ya sehemu, kwa hiyo usiku wa kuamkia safari mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, na ya Royal Museums Greenwich, aweke majibu kwenye grupu kabla watu hawajalala.